Firigisi ya Mzee Shivachi

Kinusi kilianza kunguruma nilipompa baba mkono.

Nilikuwa nimekitundika shingoni kama filimbi ya refa, kwa sababu tangu kulipopambazuka nilikuwa uani nikiwapima kuku wa mama. Ni kidude cha kuenea kiganjani. Unakisogeza karibu na mdomo wa kuku, kuku anapumua, na kama ndani yake kuna Kitanzi, kinusi kinanguruma taratibu. Kama hakuna, kinanyamaza. Kuku wa mama walikuwa wamengurumiwa wote, yaani wamefaulu, hata yule jogoo mkorofi aliyenidonoa kidole, na mama alikuwa amecheka mpaka akashika kiuno. Basi nikaingia ndani na njaa yangu na furaha yangu. Baba akainuka kwenye kiti chake, akaniinamia, akasema, "Daktari wa kuku, umeamkaje?"

Ngrrr, kikasema kinusi.

Baba akakitazama. "Hiyo mashine inaninung'unikia mimi kwa nini?"

"Ni betri, Baba."

Betri! Mimi Minayo, niliyesomea kuvu mpaka nikavaa miwani, mkuu wa maabara nzima kule Kisumu, nikamdanganya mzazi wangu kabla hata sijanywa chai. Nikakaa, nikamega kiazi kitamu, nikakitafuna muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji.

Nilikuwa na sababu. Kitanzi tulikitengeneza sisi, na tulikitengeneza kwa ajili ya kuku, basi. Huku Shinyalu kuku walikuwa wameanza kwisha. Minyoo yao ilikuwa imezoea dawa zote. Unamnywesha kuku dawa, minyoo inaoga humo kama watoto mtoni. Kifaranga anavimba tumbo, mbawa zinaning'inia, kesho unamzika. Mama alifika mahali akaacha kuwapa vifaranga majina, na mama yangu ni mtu wa kuipa jina hata sufuria.

Sasa, udongoni kuna kuvu ambazo tangu zamani zinawinda minyoo. Zinasuka nyuzi zao ziwe vitanzi vidogo, vidogo sana, kisha zinatulia. Mnyoo akipenya, kitanzi kinakaza, na kuvu inamla bila haraka. Watu wa kabla yetu walijaribu kuchanganya mbegu za kuvu hizo kwenye chakula cha kuku, na ilifaa kwa kuku wa kufungiwa. Lakini kuku wa kienyeji haketi kusubiri pumba. Yeye yuko kwa jirani, yuko kwenye mahindi, yuko chini ya gari la mchungaji. Ndipo tukapata wazo letu: kuvu ihamie ndani ya kuku mwenyewe. Kitanzi kinajishikiza kwenye mikunjo ya firigisi, pale vijiwe vinaposaga mahindi, na kutoka hapo kinadondosha mbegu kuelekea matumboni. Kuku anatembea atakako, mtego wake anao.

Tume ya Viumbe Vipya ilitupa ruhusa kwa sharti moja. Kitanzi kisionekane kwa binadamu. Kikionekana, kila kuku anapewa Kizimio, unga mweupe usio na ladha unaokiua, na habari ya Kitanzi inaishia hapo. Sisi hatukuona shida, maana Kitanzi hufa kikichemka. Tulikuwa tumepita nyumba kwa nyumba tukiuliza: kuku mnampikaje? Kila nyumba ilijibu vilevile. Tunachemsha mpaka nyama iachane na mfupa.

Na sasa kilikuwa kinanguruma kwa baba yangu, Mzee Shivachi, ambaye alikuwa akivaa kofia yake ya Jumamosi.

"Twende," akasema. "Fahali Tingatinga anapigana leo, na mimi sitakaa nyuma kwa sababu ya watu wanaotafuna viazi kama wanafikiri."

*

Kama hujawahi kufika uwanja wa mafahali asubuhi, ujue kwamba wazee ndio wanaokaa mbele. Wanakaa kwenye viti vya kukunja walivyobeba wenyewe, fimbo katikati ya magoti, na ngoma za isukuti zinapita mbele yao. Nyuma yao vijana. Akina mama wako upande wa kivuli, na chupa za chai.

Nilifanya jambo ambalo baba alilipenda sana. Niliwaamkia wazee wote, mmoja mmoja, kwa heshima, nikiinama kabisa. Kinusi kilikuwa ndani ya kiganja cha kushoto. Mzee wa kwanza, ngrrr. Wa pili, ngrrr. Safu nzima ikanguruma hivyo mpaka mwisho, na kwa bahati isukuti zilikuwa juu, hakuna aliyesikia ila mimi niliyekuwa nikihisi mtetemo mkononi.

Nikaenda kwa vijana. Kimya. Hapa na pale kijana mmoja akangurumiwa, kisha ndugu yake aliyesimama pembeni, wamezaliwa tumbo moja, akanyamaziwa. Nikauliza kidogo kidogo: yule wa kwanza ameoa, amejenga kwake. Huyu wa pili bado anakula kwa mama yake.

Nikaenda kwa akina mama. Kimya, kimya, kimya. Hata mama yangu, ambaye amewashika kuku hao tangu asubuhi, kimya. Nilikuwa nimeanza kuchanganyikiwa nilipomfikia Mama Rasoa. Yeye ni mjane, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"We Minayo," akaniambia, "mbona leo unawapa watu mkono kama mgombea kura?"

Ngrrr.

Nilimvuta kando. Mafahali walikuwa wameshagusana pembe, watu wanapiga mayowe, hakuna aliyetuangalia.

"Mama," nikamwambia, "wewe hula kitu gani ambacho wazee wale wanakula, na hawa mama wengine hawali?"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Maneno kama hayo unaniuliza mbele ya watu?"

"Haki ya Mungu, Mama Rasoa, ni la kazi."

"Si imondo?" akasema. "Tangu mume wangu, Baba Luvisia, alipotutoka, imondo nakula mimi. Kuku ni wangu, nyumba ni yangu, paa likivuja napanda mwenyewe. Ulitaka nimpe nani, paka?"

Imondo ndiyo firigisi kwa lugha ya kwetu. Nikasimama pale mdomo wazi.

Maana mimi nimeichoma firigisi hiyo tangu nikiwa na kimo cha meza. Kabla chungu hakijainjikwa, unaibandua ngozi ya ndani, unaitia chumvi, unaiweka juu ya makaa. Unaigeuza mara chache tu, nje ipate rangi, ndani ibaki laini na damu yake, kisha unampelekea mwenye nyumba aishikie njaa wakati wengine wanasubiri. Ukimletea mwenye nyumba kuku asiye na firigisi, hapo umetafuta kesi. Ngozi tunaibandua, sawa, lakini nyuzi za Kitanzi zilikuwa zimeshaingia nyamani, na makaa yale hayakuzifikia.

Hakuna aliyetudanganya tulipouliza. Tuliuliza kuku anapikwaje, na firigisi kwetu haihesabiwi kuwa kuku. Kuku ni wa watu wote; firigisi ni heshima. Na mimi mwenyewe, mtoto wa nyumba hiyo, na shahada zangu zote ukutani, sikuwahi kuihesabu pia.

*

Nilimpigia Dkt. Onditi nikiwa nyuma ya mikaratusi, sauti ya uwanja ikinifuata. Onditi ndiye mwenzangu maabara, mtu mwema, mwenye haraka.

"Wanaumwa?" akauliza.

"Hawaumwi. Wamenona. Baba anasema mwaka huu tumbo lake limetulia, hata maharagwe anakula."

"Basi shida iko wapi? Kizimio unacho mkobani?"

"Ninacho."

"Tia kwenye chai yao, Minayo. Hakina ladha. Kesho vinusi vinanyamaza, tunatangaza kwamba firigisi ichemshwe, mambo kwisha."

"Na Tume?"

"Tume ikijua itawazima kuku wote, hapo kwenu na kila mahali. Unataka mama yako arudie kuzika vifaranga? Dada yangu kule Nyakach ana mabanda yamekaa tupu, anasubiri zamu yake ya kuku wa Kitanzi. Nimwambie nini? Kwamba wazee wenu wanapenda nyama mbichi?"

"Usiwatukane wazee wangu."

"Siwatukani. Nakuomba."

Na hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilipotoka nyuma ya mikaratusi Tingatinga alikuwa ameshinda, na baba alikuwa akicheza isukuti na kofia yake mkononi, mtu wa umri wake, mabega yakienda kama ya kijana. Nilimpenda sana wakati huo. Nilisema moyoni, kikombe kimoja tu cha chai, Minayo, na hakuna atakayepoteza kitu.

*

Tulirudi nyumbani saa za mchana. Mama alikuwa ametuacha uwanjani mapema, ameshamchinja yule jogoo mkorofi kwa ajili yangu, na moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Nikasema chai napika mimi. Nikapika chai ya maziwa, nikaiacha ichemke mpaka ikapanda, nikamimina kikombe cha baba, kile cha bati chenye ua. Nikapasua karatasi ya Kizimio. Unga ukazama ndani ya chai kana kwamba haukuwahi kuwepo. Nikakoroga.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, viatu amevua, anajisimulia pambano upya.

"Yule mwingine alikuja na pembe ya kushoto," akasema, akipokea kikombe. "Tingatinga akamwacha. Akamwacha tu! Fahali mwenye akili hana haraka." Akapuliza chai. Akainua kikombe.

"Baba, usinywe!"

Akasimamisha kikombe hewani. "Imeungua?"

"Nimetia dawa humo."

Hapo mama akatokea jikoni na kisahani, na juu ya kisahani firigisi, inatoa mvuke, chumvi pembeni. Akatuangalia, akasimama palepale. Nikakaa chini sakafuni, mtu mzima, na nikaeleza kila kitu. Kitanzi kinakaa wapi. Safu ya wazee ilivyonguruma. Mama Rasoa. Onditi. Sharti la Tume. Nilieleza nikilia, na kamasi zinanitoka, na miwani imejaa ukungu.

Nilipomaliza, baba alikuwa bado ameshika kikombe.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "ulitaka kuniamulia ndani ya kikombe."

"Ndiyo, Baba."

"Kama kuku."

Amewahi kunichapa nikiwa mdogo, na haikuuma hivi.

"Baba Minayo, mtoto amesema mwenyewe," mama akaanza.

"Nimemsikia amesema. Acha niulize." Akanigeukia. "Hicho Kitanzi chako kinafanya nini tumboni mwangu?"

"Sijui. Huenda kinakusaidia. Huenda hakifanyi lolote. Huenda baada ya miaka kitafanya kitu ambacho sijakiona bado. Kwa kuku najua. Kwa mtu sijui, na hakuna anayejua."

"Tumbo langu limetulia."

"Najua, Baba."

"Nikinywa hii, litaanza tena?"

"Hata hilo sijui."

Akatazama nje uani. Kuku wa mama walikuwa wakiparura chini ya migomba, wanene, wana kelele, na vifaranga vimejaa kila mahali, vyenye majina.

"Na hawa?"

"Tukisema, huenda wakazimwa. Tukinyamaza, watabaki."

"Mm." Akakikoroga kikombe kwa kukizungusha. "Mimi sikatai wageni. Nyumba hii imelisha watu mpaka wengine tumesahau majina yao. Lakini mgeni anabisha hodi. Huyu wako ameingia kwa dirisha, akakaa mezani, akaanza kunitengenezea tumbo. Hata kama ni mwema, atoke kwanza. Akisimama mlangoni akabisha, nitafikiria."

Akanywa chai yote, bila kupumzika, akaweka kikombe chini.

"Hujatia sukari ya kutosha," akasema. Kisha akaanza kuvaa viatu. "Simama, ufute uso. Wenzangu bado wako uwanjani. Na wao wana midomo ya kunywea, wataambiwa kwa masikio yao."

Firigisi ilibaki kwenye kisahani. Mama aliirudisha jikoni akaitia ndani ya chungu pamoja na nyama nyingine, na hiyo nadhani ilikuwa mara ya kwanza ya jambo hilo kutokea tangu ukoo wetu uanze kufuga.

*

Wazee walipiga kelele, usifikiri walinipigia makofi. Mmoja aliniita mchawi mwenye cheti. Mwingine alitaka kujua kama Kitanzi ndicho kilichomfanya aote nywele masikioni. Lakini baba alisimama katikati yao, akasema binti yake ana makosa na amekuja nayo mwenyewe mchana kweupe, sasa kila mtu aamue kwa tumbo lake. Wakanywa, wengi wao. Mama Rasoa alikataa katakata.

"Mimi nimeshamkaribisha," akasema. "Ananisumbua? Hanisumbui. Watoto wako Nairobi, mume yuko kaburini. Nani mwingine ananitembelea? Mnipime mtakavyo, lakini Kitanzi changu mkiache."

Basi nilipowaita Tume, na wakaja na magari yao meupe na vinusi vikubwa kuliko changu, hawakukuta siri ya kufukua. Walikuta wazee wamepanga viti vya kukunja, wanasubiri kuhojiwa, na wana maswali yao. Baba aliwauliza kwa nini karatasi zao ziliuliza kuku anapikwaje na hazikuuliza mzee anakula nini. Mama wa Tume aliyeongoza wenzake, mtu mkavu kama dagaa, aliandika swali hilo, akalipigia mstari.

Hawakuwazima kuku wa Shinyalu. Waliamua wabaki, wasitoke nje ya mipaka, na firigisi ichemshwe mpaka wao waseme. Mama Rasoa akawa mtu wa kwanza aliyekibeba Kitanzi kwa hiari yake mwenyewe, na kila mwezi daktari anakuja kumpima na kunyweshwa chai na kusikiliza habari za paa. Lakini kazi ya kwingine ilisimamishwa, na Nyakach ikabaki kusubiri. Onditi alikaa kimya nami muda mrefu. Sasa ananijibu, kwa ufupi. Nimemwandikia dada yake kumwomba msamaha, kwa sababu mabanda yake matupu ni sehemu ya ukweli wangu, na sina namna ya kuyajaza. Ukuu wa maabara nilinyang'anywa. Nimepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba nikifundisha watu kuchemsha firigisi, na nikwambie kitu, sijawahi kuifurahia kazi hivi. Nakula kila mahali. Nimenenepa.

Tumbo la baba lilirudi kusumbua kidogo. Maharagwe ameacha. Hanilaumu kwa mdomo, ila nikikaa karibu naye hulishika tumbo na kuguna, na mama humwambia aache maigizo.

*

Jumapili iliyopita tulikuwa wote nyumbani, kaka zangu na wake zao na watoto, hata Mama Rasoa alikuwepo na yule daktari wake. Mama alileta kisahani kwa baba kama kawaida. Firigisi juu yake ilikuwa imechemka tangu asubuhi, rangi ya kijivu, imejikunja.

Baba akaing'ata. Akaitafuna upande mmoja, akahamishia upande wa pili, akaitoa.

"Hii ni heshima au ni soli?" akauliza. "Mtu anaheshimiwa mpaka anang'olewa meno?"

Watoto wakaanza kucheka. Baba akachukua kisu, akakata pale alipong'ata, akakiweka kile kipande kando. Kilichobaki, karibu firigisi nzima, akakirudisha juu ya kisahani na kukisukuma mezani. Kilipita mbele ya kaka yangu mkubwa. Kikapita mbele ya mdogo wake. Kikasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyeiharibu," akasema. "Itafune."

Mama aliweka mwiko chini. Hata watoto walijua kwamba kuna kitu kimetokea, ingawa hawakujua ni nini. Baba alikuwa ameshageuka, anampa Mama Rasoa ugali, anamuuliza kuhusu paa, kana kwamba hajafanya chochote.

Nimezichoma firigisi za nyumba ile miaka yote na sikuwahi kuonja hata moja. Nikaitia mdomoni. Haikuwa na ladha ya kitu chochote, ilikuwa ngumu kupindukia, na kinusi shingoni mwangu kilikuwa kimya kabisa. Nikaitafuna taratibu, nikaimeza yote.